Mgeni Aliyejibu Asante

Kafarloza, 6 Desemba 1993

Ghattas,

Huna haya. Nimekuzaa, nimekunyonyesha, nimekuosha masikio mpaka umekuwa na ndevu, halafu unamwandikia Milhem, mukhtari mkuu wa kijiji, kabla ya kuniandikia mimi. Milhem alikuja juzi, sikukuu ya Barbara, akakaa karibu na jiko, akala ngano yangu ya sukari bakuli zima na akaomba jingine, akajifuta masharubu, ndipo akatoa karatasi yako mfukoni. Eti mama yangu akisema anauza nyumba msimsikilize, ni umri. Umri gani? Mimi bado natia uzi kwenye sindano bila miwani. Wewe unavaa miwani kutafutia viatu vyako, na viatu ndiyo kazi yako.

Sasa sikiliza wewe mwenye akili. Nyumba nauza. Iko kwa jina langu, baba yako aliiandika hivyo kwa sababu alikujua. Na nauza sasa hivi, katika sikukuu hizi, kabla sikukuu ya Ubatizo haijapita. Usiniambie ningoje kiangazi. Kiangazi kila mwenye ukuta anauza ukuta. Krismasi ndipo wanaporudi walioenda Brazili na Australia na Afrika, moyo umelainika, wanataka kunusa nyumba ya bibi zao. Wakija mwezi wa saba wanaona nyufa. Wakija Desemba wanaona moto.

Unauliza kwa nini. Kwa sababu sitaki kupitisha baridi nyingine huku juu peke yangu. Mwaka jana theluji ilipofunga mlango nilizungumza na paka mpaka paka akahamia kwa Milhem. Nataka nishuke pwani nipangishe chumba changu, kwa pesa yangu, chenye ufunguo wangu. Sitaki kulala sebuleni kwa mkeo kama kifurushi kilichosahauliwa na abiria.

Barua hii nampa Shukri wa teksi, maana simu ya kijiji bado imekufa tangu vita. Jibu kwa maandishi. Usimpe Shukri jibu la mdomo, njiani hulitia chumvi.

Mama yako,
Adla


Beiruti, 9 Desemba 1993

Mama mpendwa,

Naubusu mkono wako. Nisamehe kwa habari ya Milhem, niliposikia kwa Shukri kwamba unauza niliogopa tu.

Mama, nimechanganyikiwa. Mwezi wa nane alikuja yule mtu wa Zahle kuulizia bustani peke yake, ukamfukuza na ufagio, ukasema nyumba hiyo utatoka ukiwa umebebwa. Leo unaiuza yote, tena kwenye theluji. Kuna mtu anakusumbua? Umeanguka? Daktari amekuambia kitu ambacho hujaniambia? Mnunuzi gani anapanda mlima Desemba? Na sisi mwezi wa nane tutaenda wapi? Watoto wameuzoea ule mtini kama ndugu yao.

Kama unataka kushuka, shuka. Kwetu kupo. Mke wangu Jumana anakusalimu sana na anasema, kama anavyosema siku zote, nyumba ni yako.

Siwezi kupanda sasa, dukani ni msimu, kila mtu anataka viatu vipya vya kuingilia kanisani. Tafadhali usifanye lolote kabla ya mwaka mpya.

Mwanao,
Ghattas


Kafarloza, 18 Desemba 1993

Ghattas,

Salamu za Jumana zimefika. Mwambie idumu na wenyewe. Mimi najua kujibu maneno ya adabu, nililelewa.

Mtini wenu upo. Mnakuja, mnakula tini, watoto wanavunja matawi, mnaondoka mkiacha sufuria chafu. Huyo ndugu yao hajapata barua hata moja.

Sijaanguka. Daktari yuko mbali na namshukuru Mungu kwa hilo. Wewe ukisikia jambo moja unatafuta la pili nyuma yake. Nimekuambia sababu, ni upweke na baridi. Au neno upweke ni fupi mno kwako?

Wanunuzi wanakuja. Nimemwambia Milhem awapitishe kama wageni wa sikukuu, asitangaze, nisionekane nanadi paa la marehemu. Wamekuja watu wa Sidni, mwanamume akagonga kuta kwa kidole kama anachagua tikiti, mkewe akauliza choo kiko ndani au nje. Nikawapa kahawa, nikawaambia wakae, hawakukaa.

Halafu akaja Mbrazili. Anaitwa Nakhle, mjukuu wa yule Tannus aliyekuwa akipigilia vyuma kwenye kwato za punda, aliyeondoka na meli kabla sijaolewa. Kijana mwenyewe ana miaka yake arobaini hivi, mrefu, masikini ya Mungu, lugha yetu kajifunza kanisani kwao huko Sao Paulo, anaongea kama kitabu cha sala. Mkewe Lurdes hajui neno ila anacheka vizuri. Wakala meghli yangu, ule uji mtamu wa mchele na viungo, wakamaliza, wakatazama pango la Krismasi nililolipanga pale dirishani, wakashika mawe ya ukuta. Akaniuliza bei. Nikamjibu kama mtu yeyote aliyetoka katika nyumba ya watu: ichukue bure mwanangu, hakuna hesabu kati yetu, nyumba ni yako.

Hapo, Ghattas, mtu anasema idumu na wenyewe, anasukuma kikombe pembeni, anajikohoza, na mazungumzo yanaanza. Unajua yeye alijibuje? Alisimama. Macho yakamjaa maji. Akasema, "Asante."

Nikadhani masikio yameziba. Asante ya nini? Akanibusu mkono, yule mwanamke akanibusu mashavu yote mawili akarudia tena, wakatoka wakiwa wameshikana mikono kama wametoka kufunga ndoa. Bei hakuitaja tena. Sikuelewa kitu. Nimemtoa katika hesabu zangu. Ama hakulelewa, ama alitaka tu kupasha miguu moto.

Nitumie betri za redio.

Mama yako,
Adla


Beiruti, 21 Desemba 1993

Mama,

Shukri ameingia dukani leo mbele ya wateja na kunipa mkono wa hongera. "Mama Ghattas ameuza," anasema, "amemuuzia mjukuu wa Tannus, na kijiji kizima kimeshajua." Nilikuwa na kiatu cha mtu mkononi, sikujua nikiweke wapi.

Umeuza au hukuuza? Barua yako inasema umemtoa katika hesabu. Shukri anasema yule bwana ametembea nyumba kwa nyumba akilia na kukumbatia watu, na kwamba ameagiza brashi ya kupakia rangi. Nani mkweli? Umetia sahihi mahali popote? Umeweka dole gumba? Tafadhali usiweke chochote kwenye karatasi yoyote, hata kama ni risiti ya mayai.

Jumana anasema labda ungeshuka tu ukae nasi, mambo haya yaishe. Anasema unajua tayari kwamba nyumba ni yako.

Betri ziko ndani ya soksi.

Mwanao,
Ghattas


Kafarloza, 27 Desemba 1993

Ghattas,

Soksi moja ina tundu kisiginoni. Mtu wa viatu.

Sijamuuzia mtu. Hakuna aliyenipa senti wala aliyenionyesha karatasi. Na kama ulitaka kunichunga nisiuze, ungekuja mwenyewe ukalala mlangoni kama mbwa, si kunitumia walinzi.

Usijifanye hujui. Usiku wa kuamkia Krismasi, naandaa nguo za kanisani, nasikia gari. Ni Nakhle na Lurdes, na godoro, na masanduku, na birika la kahawa lenye kitambaa cha kuchujia kama soksi ya mtoto. Wakaingia wakinikumbatia. Nilifanya nini? Nikawakaribisha. Mgeni haulizwi sababu kabla ya siku tatu, na siku tatu zenyewe zimeangukia Krismasi, nani atauliza kitu? Nikawapa chumba chako.

Lakini, mwanangu, wageni gani hawa? Lurdes amelihamisha kabati langu kutoka ukuta wa kaskazini kwenda ukuta wa mashariki, kisha akanionyesha kwa mikono kwamba sasa jua litaingia. Amepima dirisha kwa kamba. Nakhle kila asubuhi yuko juu ya paa anakokota theluji, na akimaliza anavuta lile jiwe la kushindilia udongo wa paa kama mwenye nyumba. Jana alipiga msumari. Msumari, katika ukuta wangu! Nikauliza ni wa nini, akasema, "Ni kwa ajili ya picha ya babu." Picha ya Tannus mpiga kwato, katika sebule ya baba yako.

Nikakaa nikafikiri, na nikakuona wewe nyuma ya hayo yote. Umewatuma wakae hapa ili wanunuzi wakija wakute nyumba imejaa. Umeona mama yako ni mjinga. Basi waambie warudi. Mimi siwezi kumfukuza mgeni, na wewe unalijua hilo, ndiyo maana ukatumia njia hiyo.

Nimelala vizuri siku hizi, lakini hilo halikuhusu.

Adla


Beiruti, 29 Desemba 1993

Mama,

Naapa kwa kaburi la baba, sijamtuma mtu. Simjui huyu Nakhle, sijawahi kumwona, sina namba yake wala anwani yake. Siku tatu zimekwisha. Muulize sasa, mbele ya Milhem: amekuja kufanya nini? Na vitu vyako vya dhahabu vitie kwenye mtungi wa jibini.

Ghattas


Kafarloza, 30 Desemba 1993

Kwa Bwana Ghattas, mwana mtukufu wa Bibi Adla mwenye fadhila,

Amani na iwe juu yako na juu ya watu wa nyumbani mwako. Mimi ni Nakhle, mwana wa Jamil, mwana wa Tannus. Namwomba Shukri mwenye gari akufikishie waraka huu. Nisamehe makosa ya lugha, kwa maana nalijifunza kwa padri mzee, naye alikuwa akisinzia.

Bibi Adla aliniambia jana ya kuwa wewe ndiwe uliyenituma. Sikufahamu, nami naona si vema kukaa katika jambo nisilolifahamu. Kwa hiyo nakusimulia yaliyotukia.

Nalimwuliza Bibi thamani ya nyumba. Naye akanena, ichukue bure, hakuna hesabu kati yetu, nyumba ni yako. Bwana Ghattas, huko kwetu nimeuza magari yaliyotumika miaka mingi, wala hakuna mwanadamu aliyewahi kuniambia neno kama hilo. Babu yangu alipoondoka kijijini hapakuwa na mtu wa kumsindikiza hata kisimani. Nami sasa nimerudi, na mama mmoja aliyekuwa hanijui akanipa nyumba. Sikuwa na neno kubwa kuliko asante, nikalisema hilo.

Nimemwandikia baba yangu, aliye mgonjwa, ya kuwa kijiji kimetukumbuka. Nimeomba waraka wangu usomwe mara kwa mara kitandani pake.

Usiwe na hofu kwa ajili ya Bibi. Mimi na mke wangu tumekwisha kuamua ya kwamba aweza kukaa nasi katika nyumba hii siku zote za maisha yake, wala hatutamtoza kodi yoyote.

Mtumishi wako,
Nakhle


Kafarloza, 2 Januari 1994

Ghattas,

Shukri aliponipitia na barua yako alikuwa na barua ya Nakhle mfuko mwingine, na alikuwa ameshaisoma. Nilimwambia anisomee, kisha nikamwambia yeye ni mwizi. Kwa hiyo najua ulichoandikiwa. Eti hatanitoza kodi. Katika nyumba niliyobebea mawe nikiwa na mimba yako.

Siku ya mwaka mpya nilimwita Milhem. Nikapika, watu wakala kwanza, maana ugomvi kabla ya chakula ni ushenzi. Baada ya kahawa nikamuuliza kijana, kwa upole kabisa, umekuja kufanya nini hapa. Akasema, "Bibi, nimekuja nyumbani." Milhem akacheka mpaka pombe ya araki ikamtoka puani. Nakhle hakucheka. Akanitazama, akamtazama Milhem, akamuuliza kama mimi nilisema au sikusema kwamba nyumba ni yake. Milhem akanigeukia, naye sasa akiwa mukhtari kabisa, mgongo umenyooka: "Mama Ghattas, ulisema?"

Ungejibu nini wewe? Ungesema nilikuwa nafanya adabu, sikumaanisha. Mimi nilisema, "Nilisema."

Basi Milhem akamweleza, polepole, kama mtu anayemtoa mtoto mwiba. Kwamba hayo ni maneno tu. Kwamba mtu akikwambia nyumba ni yako unajibu idumu na wenyewe, na kila mmoja anabaki na mali yake. Nikauona uso wa Nakhle ukibadilika. Kwanza alikuwa mwekundu, halafu akawa kama sahani iliyooshwa. Akamtafsiria Lurdes kwa kilugha chao, mwanamke akaweka kitambaa chake mezani, wakaingia chumbani kufunga masanduku. Akatoka akachomoa msumari. Akaniuliza kama nina chokaa ya kuziba tundu.

Mimi nimezika mume, nimekaa chini ya mizinga, sijawahi kuona aibu kama ile. Nikasimama mlangoni nikawaambia hakuna anayetoka nyumbani kwangu kwenye theluji wakati wa sikukuu, majirani watasema nini, rudisheni godoro. Akajibu kwa kile kitabu chake cha sala, "Idumu na wenyewe." Kajifunza papo hapo. Na unajua, Ghattas, nilikasirika. Nikamwambia wenyewe gani? Wenyewe wako Beiruti wanauza viatu.

Basi bei ilipangwa. Nilimwambia Milhem apange yeye na padri, mimi nikaenda jikoni kuosha vyombo vilivyokuwa visafi. Wamekubaliana. Nakhle ananunua kama watu wanavyonunua, na barua aliyomwandikia baba yake hailazimiki kufutwa, nimemwambia asimwandikie mgonjwa mambo ya bei. Hilo limekwisha. Silo linalonisumbua.

Linalonisumbua ni hili, na unijibu wewe, usimwachie Shukri. Tangu jana sijui kipi ni kipi. Tulimcheka mtu kwa sababu aliamini alichoambiwa. Nami nikakumbuka Jumana. Kila Pasaka, kila Krismasi, kila nikija kwenu kutibiwa meno au macho, ananiambia mlangoni nyumba ni yako Mama, nami namjibu idumu na wenyewe, nalala usiku mmoja, nachukua mfuko wangu napanda mlima. Nilimjibu vizuri sana, bila kukosea hata mara moja. Sasa nauliza: yeye alikuwa anafanya adabu, au alikuwa anasema kweli?

Mimi sijui. Nimechanganyikiwa, na sipendi.

Mama yako,
Adla


Beiruti, 5 Januari 1994

Mama,

Nimeisoma barua yako nikiwa nimesimama dukani, nikafunga duka.

Nilitaka kwanza kukugombeza kuhusu nyumba. Niliandika ukurasa mzima juu ya mtini na nimeuchana. Ukweli ni kwamba nilitaka nyumba ikae pale ikiwa na wewe ndani, ili mimi nisilazimike kufikiria baridi yako. Nimeliandika, sasa umelisoma.

Swali lako nilimpelekea Jumana jinsi lilivyo. Nilidhani atacheka. Alikaa chini na aproni yake. Akasema miaka yote hii yeye anasema kweli, na wewe unamjibu kama mtu wa nje na kuondoka asubuhi, na yeye anabaki akijiuliza kosa lake ni chakula au ni watoto au ni kule kuzaliwa kwake mjini. Alidhani humpendi, Mama. Nami nilikuwa katikati yenu wawili, nikidhani mnaelewana.

Hakunikubalia nimwandikie. Anaandika hapa chini mwenyewe.

Mwanao,
Ghattas

*Mama. Mimi si hodari wa barua. Ghattas amenisomea barua zako zote, siyo sebuleni, sijawahi kusema sebuleni, hilo ulilitoa wapi? Ni kile chumba cha cherehani. Kina dirisha la barabarani na kinapata jua mchana. Cherehani yenyewe sina mahali pengine pa kuiweka, kwa hiyo utakuwa nayo humo na mimi nitakuwa naingia kushona, na nikishona huwa naimba, na siimbi vizuri. Watoto watakupigia kelele. Maji yanakatika Jumanne. Ndivyo ilivyo, sijaongeza wala kupunguza. Sasa hayo nayo uyaite adabu. Jumana.*


Kafarloza, 8 Januari 1994

Ghattas, na wewe Jumana, maana najua mnasoma pamoja,

Kwanza wewe Ghattas. Mwanamume mzima unakaa katikati ya wanawake wawili wanaokosana kwa heshima, miaka nenda miaka rudi, na husikii kitu. Ungekuwa kiziwi ningesamehe. Ukurasa wa mtini ulifanya vizuri kuuchana. Ule mstari wa baridi yangu nimeusoma, na nimeusoma tena, na sitausema mbele ya watu.

Sasa wewe Jumana. Sebuleni nililitoa kichwani mwangu. Nililiweka huko mwenyewe, likakaa miaka, nikalilisha. Chakula chako ni kizuri ila unaogopa chumvi. Kuzaliwa mjini si kosa lako. Kuhusu kuimba, mimi nakoroma, tutakuwa sawa.

Hapa tumefanya Ubatizo. Nilimwachia Lurdes akaange zalabia, akachoma za kwanza, za pili zikatoka nzuri, na Nakhle akawapelekea majirani sahani kwa sahani kama mtu wa hapa. Waliniomba nibaki mpaka mvua ziishe. Waliniomba kwa maneno ya kawaida, na nikawaelewa, na nikasema hapana, kwa maneno ya kawaida. Kulala vizuri katika nyumba iliyouzwa ni kulala kwa mgeni. Nilitaka kuondoka, naondoka. Kile chumba cha kupanga sikitaki tena. Lakini pesa yangu ya nyumba itakaa kwa jina langu, na mchango wangu wa sokoni nitautoa kila wiki, na atakayeukataa atanirudisha mlimani.

Leo asubuhi nilizunguka nyumba nikishika vitu. Sikulia. Nilishika ukuta wa kaskazini pale kabati lilipokuwa, pana umbo la kabati, jeupe. Nikaona Lurdes alikuwa na haki, jua linaingia. Iliniuma kwamba sikuliona miaka yote hiyo, basi.

Trekta la serikali linasafisha theluji barabarani Ijumaa. Jumamosi uje na gari la Shukri na lingine la mizigo, na ufunge minyororo kwenye magurudumu, usinifanyie ushujaa wa mjini. Jumana aje, akae mbele. Watoto wabaki kwa bibi yao mwingine. Msilete maua wala peremende. Mje kabla ya mchana, mle kwa Nakhle, msimwulize neno juu ya nyumba, na wewe Ghattas umpe mkono kama ndugu na umletee jozi ya viatu vya ndani vya kumtumia baba yake, mguu mkubwa, nimeuliza.

Cherehani isogezwe karibu na dirisha, kitanda kikae upande wa mlango, nataka kusikia anayeingia na anayetoka.

Na tukifika kwenu, nikiweka mguu mlangoni, mtu yeyote asiniambie neno zuri. Pokeeni mizigo.

Adla